Familia Yangu ni ya Aina Gani? Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za toleo hili zimetoka Kilolo, Mafinga, Tukuyu, Mbalizi na Makambako. Tumezijibu pamoja kwa sababu ugomvi uliomo ndani yake una chanzo kimoja. Mtafiti, mahakama na ukoo huitazama nyumba ileile kila mmoja kwa kipimo chake, na mwenye nyumba akidhani vipimo hivyo ni kimoja, hapo ndipo anapopoteza shamba, mtoto au haki yake.

Swali: Nasoma chuo hapa Iringa na nimepewa kazi ya kueleza aina za familia katika kijiji kimoja cha Kilolo. Nyumba ya kwanza tu imenichanganya. Yupo mzee na mkewe, binti yao asiye na mume na watoto wake wawili, mjukuu ambaye baba yake yuko Dar es Salaam, na kijana wa kazi kutoka Makete. Ng'ambo ya bonde mzee ana mke mdogo mwenye nyumba yake na watoto watatu. Niandike familia ngapi, na za aina gani?

Kabla ya kutafuta jina la aina, tenganisha kaya na familia. Kaya ni watu wanaolala mahali pamoja, wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Familia ni watu waliofungwa na damu, ndoa au malezi yanayotambuliwa, wawe wanalala pamoja au wametawanyika. Kwa kipimo hicho umekuta kaya mbili, kwa kuwa mke mdogo anapika kwake, lakini familia ni moja: familia pana, yaani inayovuka baba, mama na watoto wao, yenye ndoa ya wake wengi. Ndani yake mna kitengo kidogo cha mama na watoto wake, yaani yule binti. Kijana wa kazi ni wa kaya, si wa familia. Baba wa mjukuu ni wa familia, si wa kaya. Ukiandika hivyo, mwalimu wako hatakuwa na la kuuliza.

Ni vizuri kuelewa pia takwimu za taifa zinapima nini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia 23 Agosti, ikapata watu 61,741,120 na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Wanafunzi wengi wakiona hiyo 4.3 huandika kwamba familia pana imekufa na imebaki familia kiini ya baba, mama na watoto. Takwimu hiyo haisemi hivyo. Inahesabu waliolala, haiwahesabu wanaotumiana mahindi, ada za shule na pesa za matibabu kati ya Kilolo na Dar.

Baada ya hapo uliza mambo manne, kila moja peke yake. Kwanza, nasaba hufuatwa kwa nani? Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa na Wasafwa hufuata upande wa baba. Waluguru wa Morogoro na Wamakonde kwa desturi hufuata upande wa mama. Pili, baada ya ndoa nani humfuata nani? Tatu, kila mtu ana wenzi wangapi? Nne, nani anaamua juu ya ardhi na watoto? Swali la nne ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu hudhani nasaba ya mama maana yake ni utawala wa mama. Sivyo. Katika koo nyingi zinazofuata upande wa mama, mwenye sauti kubwa ni mjomba, ambaye ni mwanamume.

Kwenye vitabu utakutana na George Murdock, Mmarekani ambaye mwaka 1949, baada ya kulinganisha jamii 250, alisema familia kiini ipo kila mahali, na akaifafanua familia kwa makazi ya pamoja, ushirikiano wa kiuchumi na kuzaa. Itumie fasili yake kwa tahadhari. Kigezo cha makazi ya pamoja kingewatoa kwenye familia wanaume wote wa nyanda hizi waliokwenda kwenye mkonge wa Tanga au, kupitia Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodini, kwenye migodi ya Afrika Kusini, ilhali wake zao walibaki wakilima na kuhesabiwa kuwa wake kamili.

Mfano unaotikisa zaidi uko jirani kabisa. Monica na Godfrey Wilson walipofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938 walikuta vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao pembeni ya kijiji, na wakaendelea kwenda kula kwa mama zao kwa makundi. Walipooa, wake waliletwa pale pale na kijiji kikakua. Kwa hiyo majirani wa mtu walikuwa wenzake wa rika, na ndugu zake wa damu walikaa vijiji mbalimbali wakiunganishwa na ng'ombe: ng'ombe walioingia kwa mahari ya dada ndio waliomwezesha kaka kuoa. Monica Wilson aliporudi miaka ya 1950 utaratibu huo ulikuwa umeanza kuvunjika, na ardhi kuwa haba ilikuwa sababu mojawapo. Ukoo ulikuwepo, familia ilikuwepo, lakini kijiji hakikuwa cha ukoo. Hilo litaje kwenye kazi yako. Linaonyesha kwamba makazi na undugu ni mambo mawili.

Kuhusu namna ya kuuliza: chora mchoro wa ukoo kabla ya kujaza dodoso. Pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya sawasawa kati yao kwa ndoa, mstari wa kushuka kwa watoto, mkato kwa waliofariki, kisha zungushia mstari wa vidoti kila kaya. Usiulize "familia yako ni akina nani", kwa kuwa wengi watakutajia watoto wao tu. Uliza nani alilala hapa jana, nani alikula hapa jana, nani hutuma pesa, na nani atazikwa hapa. Mtu akisema "baba", uliza kama ndiye aliyemzaa, ama sivyo utamhesabu baba mdogo kuwa baba mzazi. Ni vivyo hivyo kwa mama mkubwa. Na idadi ya wake usimwulize mzee mbele ya mmoja wao.

Swali: Nimeishi na mwenzangu Mafinga miaka sita na tuna watoto wawili. Hakuna posa, hakuna cheti. Tulinunua ekari tatu tukapanda paini, lakini karatasi ya mauziano ina jina lake peke yake. Sasa dada zake wananiambia mimi si mke, nifungashe niondoke. Nina haki yoyote?

Unazo, dada, ila itabidi uzithibitishe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi katika hali ya kujulikana kwa watu kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana. Wanasheria huiita dhana ya ndoa. Ni dhana kwa sababu upande wa pili unaruhusiwa kuipinga kwa ushahidi, na hapo ndipo kesi nyingi zinapovunjikia.

Wengi hukariri miaka miwili na kusahau kule kujulikana kwa watu. Mwanamume anayelala kwako Jumamosi na kurudi kwake Jumatatu hajaishi nawe, hata kama ni miaka kumi. Dhana pia huanguka kama mmoja wenu hakuwa huru kuoa au kuolewa: mwenzako akiwa na ndoa ya mke mmoja iliyo hai, au wewe ukiwa bado mke wa mtu mwingine. Ulizia jambo hilo mapema, kabla halijatajwa mahakamani na wakili wa upande wa pili.

Kwa hiyo kusanya ushahidi kabla ugomvi haujawaka. Balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa wanaowafahamu kama mume na mke. Kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina yenu wote. Fomu za shule mlizosaini kama wazazi. Daftari la jumuiya kama mnasali. Majirani wawili au watatu walioshuhudia mwanzo hadi mwisho. Wana uzito kuliko kumi waliosikia tu.

Sasa shamba. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, jina liwe la nani kwenye karatasi. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani na malezi ni mchango. Hata ardhi ambayo mmoja alikuwa nayo kabla inaweza kuguswa kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili wakati wa ndoa. Kwa shamba la miti jambo hili ni zito sana, maana paini hukaa shambani zaidi ya miaka 10 na thamani yake inaongezeka kila mwaka. Andika mwaka mliopanda, miche mingapi, nani alilipia miche, nani alipalilia, nani alisafisha barabara za kuzuia moto na nani alipunguzia matawi. Tunza ujumbe wa simu wa malipo na risiti. Ikifika kugawana, omba miti ithaminiwe ikiwa imesimama, tofauti na ardhi. Wanawake wengi hupewa bei ya ardhi tupu, na miti ndiyo mali yenyewe.

Hatua za kufuata: anza na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kwenye kata au kwenye taasisi ya dini yenu. Likishindwa, litakupa hati inayosema usuluhishi umeshindikana, nayo utaiambatanisha na madai yako. Shauri linaweza kufunguliwa mahakama ya mwanzo. Watu hukwama kwa kuruka baraza. Shauri la talaka lililofunguliwa bila hati hiyo huondolewa, na miezi imekwisha bure. Wakati huohuo andikia Halmashauri ya Kijiji barua ya kueleza kwamba una maslahi kwenye ekari hizo, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri, ili shamba lisiuzwe kimyakimya.

Na hata mahakama ikiona hamkuoana, kifungu hicho hicho cha 160 kinakuruhusu kuomba matunzo yako na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri nyingine, mgawanyo wa mlichochuma pamoja ukiwemo. Mashemeji zako hawana mamlaka ya kukufukuza.

Swali: Baba yetu alifunga ndoa na mama kanisani Tukuyu. Sasa anataka kuoa mke wa pili kimila, anasema babu alikuwa na wake watano na hakuna aliyemshtaki. Mama anaweza kumzuia?

Babu alioa kimila, na hiyo ndiyo tofauti. Sheria yetu inatambua ndoa za aina mbili: ya mke mmoja, na ile ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa ya Kiislamu au ya kimila inachukuliwa kuwa ya aina ya pili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyingine zote, ya kanisani na ya serikali zikiwemo, zinachukuliwa kuwa za mke mmoja. Mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine ya namna yoyote wakati ile ya kwanza ipo. Akileta ng'ombe na wazee wakala pilau, bado ndoa ile ni batili.

Kuna mlango wa kubadili ndoa kutoka aina moja kwenda nyingine: wote wawili, kwa hiari, hutoa tamko la maandishi mbele ya jaji au hakimu na kulisaini. Lakini mlango huo umefungwa kwa Wakristo wawili waliofunga ndoa kanisani, kwa muda wote ambao wote wawili wanabaki katika imani hiyo. Kwa hiyo mama asisaini karatasi yoyote asiyoielewa, hata ikiletwa na wazee wa ukoo kwa maneno laini.

Tungependa mjue pia yampatayo yule mwanamke wa pili, maana mara nyingi hakuna anayemwambia. Hatakuwa mke kisheria, wala hawezi kukimbilia dhana ya ndoa akiishi na baba yenu miaka mingi. Watoto wake ni suala jingine: ni watoto wa baba yenu, wana haki ya kutunzwa, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake.

Kwa wasomaji walioolewa kimila au Kiislamu, mume anapaswa kutoa taarifa ya kusudio la ndoa siku 21 kabla, na mke aliyepo ana haki ya kuweka pingamizi kwa msajili. Sababu zinazokubalika ni pamoja na kwamba kipato cha mume kitawatesa wake na watoto waliopo, kwamba mwanamke anayeletwa ana ugonjwa wa kuambukiza, au kwamba ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Wake wote wakishakuwa ndani, haki zao ni sawa. Wa kwanza si bosi wa wengine.

Swali: Nampenda mtoto wa mjomba wangu. Bibi upande wa Wahehe anasema ni sawa, mapadri wanakataa. Nani yuko sahihi?

Kila mmoja kwa kanuni zake. Kwa Wahehe wa zamani ndoa ya mtoto wa mjomba au wa shangazi iliruhusiwa. Watafiti waliiandika tangu miaka ya 1930. Watoto wa baba mkubwa na baba mdogo ni kitu kingine kabisa, hao huhesabiwa ndugu. Sheria ya Ndoa inakataza mzazi, mtoto, babu na bibi, wajukuu, kaka na dada, wajomba, mashangazi, na wapwa. Binamu hayumo kwenye orodha hiyo. Uislamu unaruhusu. Kanisa Katoliki linazuia binamu wa kwanza, ila ruhusa maalumu inaweza kuombwa kwa askofu kupitia paroko. Pelekeni ombi hilo kabla ya kupanga tarehe na kukodi ukumbi. Na kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa kurithi kama selimundu, pimeni wote wawili kwanza.

Swali: Mahari imelipwa nusu. Baba mkwe anasema hakuna ndoa mpaka ng'ombe wawili waliobaki wafike Mbalizi.

Kutokamilika kwa mahari hakuvunji ndoa iliyofungwa ipasavyo. Sheria imelisema hilo waziwazi. Deni la ng'ombe ni la kifamilia, lilipeni kwa heshima kupitia mshenga. Angalia jambo moja: je, ndoa yenyewe ilifungwa? Kama mlipeleka posa na nusu ya mahari lakini sherehe ya kimila ya kukabidhiwa mke haikufanyika, mahari hiyo peke yake si ndoa. Kama ilifanyika, mna siku 30 za kuomba isajiliwe. Mkichelewa haivunjiki, ila kuithibitisha baadaye kutawagharimu mashahidi ambao huenda wamehama au wamefariki.

Swali: Nimefiwa na mume hapa Makambako. Ukoo umekaa, wanataka mdogo wake "aisimamie nyumba", yaani anirithi. Nikikataa wanasema watoto na nyumba vinabaki kwao.

Pole sana, mama. Kurithi mjane kulikuwa na mantiki yake: mahari ilifunga koo mbili, si watu wawili tu, na kifo cha mmoja hakikufungua fundo. Mjane na watoto walipata wa kuwalimia na jina la marehemu liliendelea. Lakini leo katika mikoa hii, ambako maambukizi ya VVU yako juu kuliko mikoa mingi nchini, desturi hiyo imezika watu wengi, na kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinasema bila kujali mila yoyote mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Kukataa ni haki yako, na hakukuondolei watoto. Mahakama ikiombwa kuamua malezi huangalia kwanza maslahi ya mtoto.

Upande wa mali, harakisha. Pata cheti cha kifo wilayani kwenye ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Ukoo hukaa kikao, huandika muhtasari na kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Nenda kwenye kikao hicho na mtu unayemwamini, jina lako liandikwe kwenye mahudhurio, na usisaini muhtasari wenye nafasi tupu. Wakikataa kukaa, nenda mahakamani mwenyewe ueleze hivyo. Muhtasari husaidia, lakini uteuzi ni wa mahakama. Kuwa mwangalifu na mahakama unayoichagua. Ya mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu. Kama maisha ya marehemu yalikuwa ya Kikristo na hakuishi kimila, ulizia kwanza mahakama ya wilaya, kwa kuwa mirathi iliyofunguliwa mahali pasipo na mamlaka inaweza kufutwa baada ya miaka, nyumba ikiwa imeshauzwa.

Msimamizi ni mtunzaji, si mrithi. Katika mahakama ya mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kisha hesabu ya mgawanyo. Asipofanya hivyo, wewe au mtoto mkubwa mnaweza kuomba aondolewe. Hakikisha kiwanja kilichoandikwa majina yenu wote wawili, na chochote kilicho kwa jina lako, hakiingizwi chote kwenye orodha ya mali za marehemu. Hili ni muhimu kwa sababu kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 humnyima mjane fungu akiwepo ndugu wa ukoo wa marehemu, na shemeji zako huenda wakazitegemea hizo. Mali yako mwenyewe haigawiwi kwa kanuni hizo.

Kama watoto hawana vyeti vya kuzaliwa, anza na hivyo wiki hii. Mahakamani ndivyo vitakavyoulizwa kwanza. Kwa walio chini ya miaka mitano utaratibu uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013 huwawezesha kusajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata bila malipo. Kwa wakubwa zaidi nenda ofisi ya RITA wilayani ukiwa na kadi za kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule, na barua ya mtendaji.